Córdoba kwa Macho ya Wawili

Mume na mke wakiaga kwamba wanakwenda kutembea Uhispania, walio nyumbani huwaza picha: wawili hao chini ya mchungwa, daraja la kale nyuma yao, miwani ya jua usoni. Hakuna anayedhani kwamba wanakwenda kufanya kazi ya akili. Safari ya wanandoa tumeiweka kwenye fungu la starehe pamoja na fungate, na miji ya kale tumewaachia wanahistoria, waandishi na wasafiri wa peke yao wenye daftari mkononi. Mgawanyo huo haunishawishi, na nitaupinga kwa kutumia mji mmoja, Córdoba, uliokuwa makao ya Bani Umayya huko Andalusia. Dai langu ni kwamba mji ambao majengo yake makuu yamesimama juu ya ugomvi usiokwisha hauonekani vizuri kwa mtu mmoja. Unataka watu wawili waliozoeana vya kutosha kubishana bila kuogopana, wenye nafasi ya kulirudia jambo lile lile asubuhi, mchana na usiku. Wanandoa wanayo nafasi hiyo kuliko kundi lolote linalofuata kibendera cha mwongoza watalii. Kinachowanyima ni ratiba. Tangu treni ya mwendo kasi ianze safari kati ya Madrid na Seville mwezi Aprili 1992, Córdoba imegeuka mji wa kushuka na kupanda: kutoka Madrid ni chini ya saa mbili, kutoka Seville ni kama dakika 45, na wengi hufika asubuhi, huingia kwenye jengo maarufu, hula, hupiga picha kwenye kichochoro cha maua, kisha hurudi stesheni kabla jua halijatua.

Tuanze na jengo hilo, kwa sababu ndilo linalowaleta watu. Abdurrahman wa Kwanza, kijana wa Bani Umayya aliyenusurika ukoo wake ulipouawa Sham mwaka 750, alivuka hadi Andalusia mwaka 755, akautwaa mji mwaka uliofuata, na karibu na mwaka 785 akaanza kujenga msikiti. Mafundi wake walikuwa na nguzo nyingi ambazo hazikuchongwa kwa ajili yao. Zilitoka kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu: za marumaru, za itale, nyeupe, za kijivu, za rangi ya damu ya mzee, kila moja na urefu wake. Zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mpana kiasi kile. Dari ingewakandamiza watu. Basi juu ya kila nguzo wakapandisha nguzo nyingine ya mawe, wakazifunga zote kwa tao la chini lililopinda kama kwato ya farasi, na juu yake tao la pili linalobeba paa. Matao hayo wakayajenga kwa kupokezana tofali jekundu na jiwe jeupe. Leo zimebaki nguzo zaidi ya 850, na mtu akiingia kutoka kwenye ua wa michungwa, kichwa chake kinainuka chenyewe kufuata matao yanayokimbilia gizani. Hapo ndipo jicho moja linapokosa. Anayetazama juu haoni kwamba nguzo mbili zilizosimama jirani zimevaa vichwa visivyofanana hata kidogo, kimoja chenye majani yaliyochimbwa kwa kina na fundi wa Kirumi, kingine kigumu na cha haraka. Haoni kwamba ndefu zilizamishwa kidogo na fupi zikaongezewa kimo ili zilingane. Anayeinama kuzichunguza nguzo, naye, anakosa ile hesabu ya juu inayozifanya zifanane. Mmoja akiwa juu na mwingine chini, wakaitana, ndipo wanapoanza kuelewa kwamba usawa ule mzuri umetengenezwa kwa vitu visivyolingana.

Jengo halikujengwa mara moja, na kila mtawala aliyelipanua aliacha alama ambayo haionekani kwa kupita. Abdurrahman wa Pili alilisogeza kusini katika karne ya 9. Al-Hakam wa Pili, baada ya mwaka 961, alilisogeza tena kuelekea mtoni na kujenga kibla kinachowafanya watu wanyamaze, chenye mozaiki za dhahabu na buluu; wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba Kaizari wa Konstantinopoli, mfalme Mkristo, ndiye aliyetuma fundi pamoja na vipande vya kioo vya kukipambia. Kisha akaja waziri al-Mansur, mwishoni mwa miaka ya 980. Kusini mto ulikuwa karibu mno, magharibi palikuwa na kasri, hivyo akalipanua upande wa mashariki. Matokeo yake, kibla ambacho kilikuwa katikati kikabaki kimeegemea upande mmoja, na mpaka leo kipo hivyo. Pia katika sehemu yake kupokezana kwa tofali na jiwe kuliachwa: matao yote ni ya mawe, na ule wekundu ni rangi iliyopakwa. Mtalii wa saa mbili hupita hapo bila kujua, kwa kuwa kwa mbali macho hudanganyika. Mume akisema sehemu hii ni nzuri sawasawa na zile nyingine, mke akamwambia asogee mpaka aione rangi ilivyopauka kwenye jiwe, wameshaanza mjadala wa kweli kuhusu utawala, haraka na gharama: je, al-Mansur alikuwa anawatafutia waumini nafasi, au alikuwa anatafuta jina? Na akiwemo kati yao mtu aliyezoea kutafuta mwelekeo wa sala akiwa ugenini, ataona jambo jingine, kwamba kibla kile kimeelekea kusini zaidi ya Makka ilipo. Wataalamu wametoa sababu mbalimbali: wapo wanaosema Bani Umayya walifuata mwelekeo wa misikiti ya Sham walikotoka, wapo wanaosema mafundi walifuata mpangilio wa mitaa ya Warumi. Sioni haja ya wanandoa kuamua. Naona haja ya kulijua swali.

Halafu, katikati kabisa ya msitu huo wa nguzo, paa linapasuka na mwanga unamwagika. Ni kanisa kuu, refu, jeupe, lenye kuba, madhabahu na viti vya kwaya vilivyochongwa kwa mbao. Fernando wa Tatu wa Castilla aliutwaa mji mwaka 1236 na msikiti ukawekwa wakfu kuwa kanisa. Kwa karibu miaka 300 wenye mji wapya walisali humo bila kuligeuza sana umbo lake. Hata kanisa dogo la kifalme la karne ya 14 walilipamba kwa plasta iliyochongwa kwa mtindo wa Kiislamu. Mwaka 1523 askofu Alonso Manrique alitaka kuvunja sehemu ya katikati ajenge kanisa jipya. Ningependa kila msomaji ajue kilichofuata: baraza la mji, la Wakristo watupu, lilikataa, na likatangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayegusa jengo kabla mfalme hajatoa uamuzi. Mfalme alikuwa Carlos wa Tano. Aliamua kwa ajili ya askofu, akiwa mbali. Kazi ikaanza chini ya Hernán Ruiz, ikaendelea kwa mwanawe na mjukuu wake wa jina hilo hilo, ikamalizika mwaka 1607. Miaka mitatu baada ya kutoa idhini, Carlos alimwoa Isabel wa Ureno huko Seville, na safari yao ya arusi ikapitia Córdoba kuelekea Granada, walikokaa miezi kadhaa. Vitabu vya watalii hupenda kunukuu maneno ya majuto anayodaiwa kuyasema alipoliona jengo. Ushahidi wa maneno hayo ni dhaifu kuliko ushahidi wa amri yake, kwa hiyo nayaacha. Jambo lililo wazi ni mpangilio wa matukio: uamuzi kwanza, kuona baadaye. Mtu mwenye mamlaka ya kuamua hakuwa na wa kumbishia isipokuwa baraza la mji la mbali, na hakulisikiliza.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba yote haya yameandikwa, na kwamba mtalii mmoja mwenye kitabu kizuri anayapata bila mke wala mume. Ndiyo, habari anazipata. Tatizo ni kwamba Córdoba kila habari ina mwenyewe. Jengo linaendeshwa na dayosisi, na maelezo yake rasmi hupenda kuanzia kwenye basilika ya San Vicente inayosemekana ilisimama mahali hapo kabla ya msikiti, ili hadithi iwe ya kanisa lililorudi kwao. Mabaki ya majengo ya kale yalifukuliwa chini ya sakafu katika miaka ya 1930, na waakiolojia bado wanabishana kama mabaki hayo yanatosha kuthibitisha basilika yenyewe. Mwaka 2006 dayosisi ililisajili jengo zima kwa jina la Kanisa kwa ada ya karibu euro 30, ikitumia sheria iliyowaruhusu maaskofu kufanya hivyo bila hati ya zamani. Wakazi wengi walipinga, wakisema jengo la namna hii ni mali ya umma, na kifungu hicho cha sheria kilifutwa mwaka 2015. Unesco, iliyoliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984, ilikuwa na sababu zake, na waandishi wa nchi za Kiarabu wanaoililia Andalusia wana zao. Kitabu kimoja humpa msomaji sauti moja. Kifaa cha kusikilizia maelezo masikioni hufanya vibaya zaidi: kinawatenga wawili waliosimama bega kwa bega, kila mmoja akilishwa sentensi zile zile kwa wakati wake.

Fikiria sasa mume Mwislamu aliyekulia Tanga na mke Mkristo aliyekulia Moshi; ndoa za namna hiyo zipo kwetu, na zinajua kuishi. Asubuhi mke anaweza kuketi kwenye misa ndani ya jengo lile akapokea komunyo. Mume hawezi kusali rakaa mbili mbele ya kibla. Walinzi watamzuia, kwa kuwa sala ya Kiislamu imekatazwa humo, na maombi ya Waislamu wa Uhispania ya kuruhusiwa yamekataliwa. Hakuna kipeperushi kitakachomweleza mke jinsi katazo hilo linavyomkaa mumewe kifuani. Hakuna mhadhara wa Andalusia iliyopotea utakaomweleza mume kwamba kwa mkewe madhabahu ile si kitu kigeni kilichopachikwa, ni mahali ambapo watu wamebatizwa, wameoana na wamezikwa kwa karibu miaka 800, muda mrefu kuliko ule wa msikiti. Wote wawili wana haki. Wakiwa wageni kwa wageni, adabu ingewanyamazisha. Katika kundi la watu 40 hakuna anayethubutu kusema limemuuma. Wakiwa mke na mume watayasema, mmoja ataudhika, watakunywa kahawa kimya, kisha watarudi kwenye suala. Huo ndio uchunguzi ninaouzungumzia, na sijui njia nyingine ya kuupata.

Kuna hatari hapa na ni lazima niikabili. Waandishi wengi wa safari, wakifika kwenye jengo hili, hulifananisha na ndoa: imani mbili chini ya paa moja. Ulinganisho huo naukataa. Ndoa huanza kwa ridhaa. Jengo hili lilichukuliwa kwa vita, na Waislamu wa Castilla waliamriwa mwaka 1502 wabatizwe au waondoke, miaka kumi baada ya Wayahudi wa nchi nzima kutolewa amri kama hiyo. Sinagogi dogo la mwaka 1315 lililo hatua chache kutoka hapo, lenye maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa kwenye plasta, limebaki bila waumini. Wawili wetu hawaendi kuona mfano wa ndoa yao. Wanakwenda na mazoea waliyoyapata kwenye ndoa, ya kushikilia masimulizi mawili ya jambo moja bila kulilazimisha moja limeze la pili, na mazoea hayo ndiyo jengo linayoyahitaji kutoka kwa mtazamaji. Msomaji wa Mombasa anao uzoefu wa karibu. Mwaka 1593, mafundi wa Córdoba walipoanza kuufunika mnara wa adhana wa Abdurrahman wa Tatu kwa mnara wa kengele, mafundi wengine walikuwa wanaanza kujenga Fort Jesus. Mfalme alikuwa mmoja, Felipe wa Pili, aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja, na aliyetungwa mimba katika ile safari ya arusi ya Carlos na Isabel. Anayepita chini ya kuta za ngome ile anajua kwamba jiwe zuri linaweza kuwa zuri na bado likawa limewekwa pale kwa ajili ya kumtawala mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la msafiri wa peke yake. Wapo watakaosema kwamba wasafiri wakubwa walikwenda bila mwenzi, kwamba upweke hunoa macho, na kwamba wawili hutazamana wao kwa wao badala ya kutazama mji. Mfano unaotolewa kwanza ni Ibn Battuta, anayefahamika vizuri pwani yetu kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na karibu miaka 20 baadaye alikuwa Andalusia, huko Granada. Lakini tuangalie kitabu chake kilitokeaje. Hakukiandika kwa mkono wake. Alikisimulia, na aliyekiandika ni Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada, ambaye ndani ya kitabu anasema wazi kwamba alikuwepo bustanini Granada siku msafiri yule alipokuwa anasimulia. Tulichonacho kuhusu Kilwa ya karne ya 14 ni matunda ya mazungumzo ya watu wawili, mmoja aliyeona na mwingine aliyeuliza. Córdoba yenyewe ina mfano unaogusa zaidi. Ibn Hazm, aliyezaliwa humo mwaka 994, aliutoroka mji katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na akaandika kitabu chake maarufu kuhusu mapenzi akiwa Játiva. Ndani yake anaeleza jinsi mtu aliyetoka Córdoba alivyomsimulia kwamba nyumba za ukoo wake, upande wa magharibi wa mji, zimebaki magofu. Mtoto wa mji aliuona mji wake kwa macho ya mwingine, na maelezo yake ni kati ya yenye uchungu mkubwa tuliyoachiwa. Ibn Zaydun naye, mpenzi wa mshairi Wallada, binti wa khalifa, alipofika peke yake kwenye makasri ya al-Zahra nje ya mji, alitunga shairi la kumweleza Wallada anachokiona, kana kwamba mandhari haikamiliki mpaka asikie yeye. Katika uwanja ulio karibu na kasri la Alcázar kuna mnara mdogo wa kumbukumbu yao, viganja viwili vinavyokaribia kugusana, uliowekwa mwaka 1971. Watalii huupita haraka. Kwa hoja yangu una uzito kuliko sanamu nyingi za wafalme.

Nakubali kwamba si kila wanandoa watayafanya haya. Wapo wanaotembea mji mzima wakitafuta mahali pa kupigia selfi, na wapo ambao ugomvi wao ni kuhusu ramani na bei ya hoteli. Hali ya hewa huchangia: Julai na Agosti joto la Córdoba hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na katika joto hilo hata watu wanaopendana hawana cha kuambiana. Ushauri wangu hapo ni wa kawaida. Waende Novemba au Februari. Walale mjini, angalau siku mbili. Waingie kwenye jengo asubuhi siku ya kazi, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu, muda ambao kiingilio ni bure na makundi hayaruhusiwi, ili wasikie nyayo zao wenyewe. Watoke, wakae mezani, waagize salmorejo, ile supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate mkavu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na yule asiyekula nguruwe aseme mapema, kwa kuwa juu yake hunyunyizwa yai na vipande vya paja la nguruwe. Hapo mezani wazungumze. Mchana warudi tena ndani, wakiwa tayari wana jambo la kuhakikisha. Anayeona kwamba mabishano yanaharibu likizo namkumbusha kwamba mji huu ulimzaa Ibn Rushd mwaka 1126, kadhi na mwanafalsafa, ambaye kitabu chake cha fiqhi, Bidayat al-Mujtahid, kinachosomwa mpaka leo na wanazuoni wa pwani, kimejengwa chote juu ya kueleza wanazuoni walitofautiana wapi na kwa sababu gani. Hakuona tofauti kuwa aibu ya kufichwa. Aliifanya kuwa njia ya kufundishia. Sijui mwenyeji bora wa kuwapokea wawili wanaobishana.

Lipo pia pingamizi la wenyeji, na hili linanigusa. Mitaa ya Kiyahudi ya zamani inayozunguka jengo imejaa nyumba za kupangisha watalii, na majirani waliokuwa wanafahamiana wanahamia viunga vya mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Lakini mgeni wa saa tano hamponyi mtu, anaacha takataka na foleni. Mwezi Mei, mashindano ya nyua za nyumba yakifika, watu hupanga mistari nje ya milango ya mtaa wa San Basilio kuingia kwenye nyua zilizofunikwa na vyungu vya maua mpaka juu ukutani, utamaduni ulioingizwa kwenye orodha ya Unesco mwaka 2012. Nyumba hizo zimeupa mtaa kisogo na kufungulia uso wake ndani, kama nyumba za Lamu, kwa sababu ile ile ya joto na stara. Vyungu vya juu hunyweshwa kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, kazi ya kila jioni katika majira ya joto, na anayeifanya mara nyingi ni mtu mzima ambaye mabega yameshachoka. Mgeni anayelala mjini, anayenunua mkate dukani kwa jirani na kuja wakati usio wa foleni, anaacha fedha mahali pazuri zaidi na anapata nafasi ya kumuuliza mnyweshaji huyo ni nani atakayenywesha baada yake. Sidai kwamba hilo linatibu tatizo la kodi za nyumba. Ni jukumu la serikali ya mji, na wakazi wana haki ya kudai ukomo. Ila ukomo huo unapaswa kuanza na wale wanaokaa muda mfupi zaidi. Na kwa wasomaji ambao viza ya Schengen ni kikwazo cha kwanza kabla ya nauli, hoja hii inafanya kazi Kilwa Kisiwani vilevile, ambako msikiti mkuu wenye kuba na nguzo za matumbawe unangoja wawili watakaoupa siku nzima.

Nimeacha al-Zahra mwisho kwa makusudi, na ningependa wanandoa nao waiweke mwisho, baada ya kuwa wameshabishana kuhusu msikiti na kanisa. Abdurrahman wa Tatu alianza kuijenga mwaka 936, kilomita chache magharibi ya Córdoba, mji mzima wa kasri, bustani na kumbi za wageni wa kifalme, kwenye matuta matatu ya mlima. Haikuishi miaka 80. Mume aliyekuwa na hasira juu ya kilichofanywa mwaka 1523 atakuta hapa kwamba hakuna Mkristo wa kumlaumu: iliporwa na kuteketezwa kati ya mwaka 1010 na 1013 na majeshi ya Waislamu wenyewe, katika vita vile vile vilivyomfukuza Ibn Hazm. Mke aliyekuwa anatetea haki ya kanisa atakuta kwamba mawe yake yalibebwa kwa karne nyingi kujengea mahali pengine, mengine yakiishia kwenye monasteri ya San Jerónimo iliyo jirani kabisa, mlimani juu yake. Uchimbaji ulianza mwaka 1911 na kilichofukuliwa ni kama sehemu moja ya kumi. Kwenye mabanda ya kazi vipande vya mapambo vimepangwa chini kwa maelfu, na mafundi wanajaribu kimoja baada ya kingine kuona kinaungana na kipi. Kila mmoja wa wanandoa hao atalazimika kurekebisha alichokisema jana kwenye meza ya chakula, na atalazimika kukirekebisha mbele ya mtu aliyemsikia akikisema.